Kosa la Kufungua Kitu

Juu ya meza ninayoandikia pana kisanduku cha plastiki ambacho zamani kilikuwa cha sabuni. Ukikifungua utakuta betri tatu nyembamba zilizotolewa katika kompyuta iliyokufa, waya mbili, swichi ya tochi, na kipande cha chaja ya gari kilichovuliwa ganda lake. Ubavuni kimetobolewa kwa kisu cha moto, na hapo pamekazwa tundu la USB, lile linalopokea waya wa simu. Si kitu cha kupendeza. Kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kisije kikamwaga matumbo yake. Lakini kinachaji simu yangu, na umeme ukikatika kinawasha kitaa kidogo ambacho kwa mwanga wake nimeandika kurasa nyingi za kitabu hiki.

Kisanduku kama hiki, tena ndugu yake wa tumbo moja, ndicho kilichomrudisha nyumbani mwanafunzi wa kidato cha nne kwa siku 21. Nimefundisha katika wilaya za Biharamulo na Ngara kwa miaka 37, na kati ya hiyo miaka 19 nilikuwa mwalimu mkuu. Mzee wa umri wangu anapoandika kuhusu shule hutarajiwa kukumbuka gwaride, nyimbo na bustani za maua. Hayo nimeyaandika kwingine humu. Katika kurasa hizi nina ugomvi, na sehemu ya ugomvi huo ni juu yangu mwenyewe.

Ilikuwa masika ya mwaka 2022. Mvua ilinyesha kama ilivyo desturi ya huku kwetu, nguzo ya umeme ikalala, na kijiji kikakaa gizani siku nne. Siku ya kwanza mtu hacheki wala hanuni, anawasha koroboi. Siku ya pili simu zinaanza kuzima moja baada ya nyingine. Hapo ndipo mtu anapotambua kwamba fedha zake za pensheni zimo ndani ya kile kidude, kwamba mnunuzi wa maharage hawezi kupatikana, na kwamba bodaboda haitwi kwa filimbi. Binti yangu aliyeolewa Mwanza alinipigia siku tatu asinipate. Siku ya nne akampata mtendaji wa kijiji, ambaye alikuwa anachajia simu yake kwenye pikipiki, akamwomba aulizie kama baba yake bado yu hai.

Mtendaji alimtuma mjukuu wa jirani yangu. Kijana akaja amejifunika mfuko wa nailoni, akabisha hodi na kusema, "Shikamoo Mwalimu. Dada wa Mwanza anauliza kama u mzima. Naomba simu yako." Akatoa kisanduku chini ya mfuko, akachomeka waya. Taa ya simu ikawaka.

Nikamwuliza imekuwaje yuko nyumbani na shule hazijafungwa.

"Nimesimamishwa, Mwalimu."

"Kwa kosa gani?"

Akakionyesha kisanduku kwa kidevu. "Kwa ndugu yake huyu."

Mwalimu hastaafu kamwe. Badala ya kuuliza habari za adhabu, nilimwuliza kwanza kitu kile kinafanyaje kazi. Alinieleza kwa muda wa nusu saa, mvua ikipiga bati, nami nataka msomaji asikie alichonieleza, maana hoja yangu yote imejengwa hapo.

Tundu la USB linataka volti 5. Kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1996 kwa ajili ya kompyuta, na huruhusu volti kupanda au kushuka kidogo tu, kati ya 4.75 na 5.25. Betri ya tochi, yaani lile jiwe tulilolizoea, lina volti 1.5 likiwa jipya. Mawe matatu hutoa 4.5, hayatoshi. Mawe manne hutoa 6, yamezidi. Kijana alianza na manne, akaogopa kuiua simu ya mama yake, akaacha. Ona jambo hili: aliogopa kwa hesabu. Wangapi kati yetu tunaogopa kwa hesabu?

Akasoma katika kitabu cha kaka yake habari za kidude chenye miguu mitatu, ambacho fundi wa redio hukiita kwa namba yake, 7805. Hizo tarakimu 05 za mwishoni ndizo volti zinazotoka. Lakini kidude hicho kinataka kiingiziwe volti mbili hivi zaidi ya zile kinazotoa, ndipo kifanye kazi sawasawa. Akapanga mawe sita, jumla volti 9. Simu ikachaji, na kidude kikaunguza kidole. Kwa nini? Akapiga hesabu. Volti 9 zinaingia, 5 zinatoka, 4 zinabaki hazina kazi. Zikipita nusu ampea, basi wati 2.5 zinakwenda kwenye simu na wati 2 zinageuka joto. Karibu nusu ya mawe aliyonunua ilikuwa inapasha hewa moto. Mawe sita yakaisha kabla simu mbili hazijajaa.

Pakawa na kikwazo kingine. Simu ya mama ilikubali, simu ya mwalimu mmoja ikakataa katakata ingawa volti zilikuwa sawa. Waya wa USB una nyuzi nne ndani: nyekundu na nyeusi za umeme, nyeupe na kijani za kupeleka habari. Kijana akapasua chaja ya dukani iliyoungua ili aone wenyewe walifanyaje. Akakuta nyeupe na kijani zimeunganishwa pamoja. Kumbe baadhi ya simu hupapasa nyuzi hizo mbili kwanza. Zikikuta zimeunganishwa hujua kwamba upande wa pili kuna chaja wala si kompyuta, ndipo zinywe umeme kwa wingi. Hakuna mtu aliyemwambia. Alipasua, akatazama, akaelewa.

Mwisho wake ni hiki kilichopo mezani. Kwenye maegesho ya malori Lusahunga alipewa na dereva chaja ya gari, ile inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Chaja hiyo haichomi umeme uliozidi kama kile kidude cha miguu mitatu. Inaukata na kuuunganisha makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde moja, na koili ndogo ya waya inausawazisha, hivyo sehemu kubwa ya nguvu inafika kwenye simu. Mawe ya tochi akayaacha. Akatafuta betri ya kompyuta iliyotupwa, akaivunja, akapima seli moja moja kwa mita ya kuazima, akakuta nyingine zimekufa na tatu bado zina uhai. Tatu kwa mfuatano ni kama volti 11, karibu sawa na gari. Akakazia kwa risasi ya kulehemu na msumari uliochomwa kwenye makaa. Zikiisha nguvu huzitoa na kuzichaji moja moja kwa ile chaja inayobana betri kama kaa, ambayo huacha kujaza ikifika volti 4.2.

Alipomaliza nilimwuliza swali moja tu. "Fyuzi iko wapi?" Akanyamaza. Haikuwapo. Wiki iliyofuata akarudi akiwa ameweka uzi mmoja mwembamba wa waya mahali pa fyuzi, amekwisha ujaribu kwa kuuchoma makusudi uani kwao, mbali na nyumba. Hilo lilikuwa somo zima, swali lake na jibu lake, na halikugharimu taifa hata senti.

Sasa habari za shule. Siitaji, iko katika moja ya wilaya hizi mbili na walimu wake ni watu wema. Ilifanya upekuzi bwenini, kama shule zote zifanyavyo. Sheria inakataza simu na chaja. Simu hazikuonekana kwa kijana huyu. Kilichoonekana ni kisanduku chenye kitaa cha USB, ambacho watoto sita walikuwa wakisomea pindi umeme ukikatika. Patroni akasema ni chaja. Mwalimu wa nidhamu akasema ni chaja. Mwalimu wa Fizikia, nasikia, alisema ni chaja pia. Kijana akaandikiwa barua, baba yake akaitwa, akauza mbuzi kwa ajili ya nauli na fidia ya kitu ambacho sikukielewa mpaka leo. Siku zile 21 ndizo darasa lilizotumia kufanya mazoezi ya vitendo ya Fizikia, sura ya umeme.

Mara ya kwanza nilipozungumza jambo hili kwa sauti, baada ya mkutano wa wazazi, niliambiwa kwamba mzee anatetea utovu wa nidhamu. La hasha. Sheria ya simu naiunga mkono, na kama ningekuwa mkuu wa shule leo ningeisimamia bila huruma, maana nimeona simu inavyomfanya mtoto awe kama ndege aliyenaswa kwenye ulimbo. Lakini sheria ina sababu. Chaja imekatazwa kwa sababu ya simu. Pasipo simu, mpekuzi alitakiwa ajiulize: hiki ni nini, na nani amekifanya? Swali hilo halikuulizwa na mtu hata mmoja kati ya watu watano wenye vyeti vya ualimu. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Wengine wanasema ni hatari. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, wala sitaipita kwa mzaha. Mwaka 2009 wasichana 12 waliteketea bwenini huko Idodi, Iringa. Mwaka 2020 watoto 10 walikufa kwa moto wa bweni wilayani Kyerwa, humu humu mkoani Kagera. Nadhani hakuna mwalimu mkuu wa mkoa huu aliyelala vizuri wiki ile, hata sisi tuliostaafu. Na ni kweli kwamba betri za kompyuta zina hasira. Ukiunganisha ncha zake mbili kwa waya mtupu zitachemka, ukizijaza kupita kiasi zitawaka, na moto wake haupendi kuzimwa. Kijana hakuwa na fyuzi. Kisanduku chake cha kwanza hakikustahili kulala bwenini. Ningekiondoa mimi mwenyewe.

Ningekipeleka wapi? Maabara. Ningekiweka juu ya meza mbele ya darasa zima na kuuliza lile swali la fyuzi. Hatari haiondoki kwa kufungiwa kabatini, kwa kuwa mtoto yule akirudi nyumbani atakitengeneza kingine, safari hii bila mtu wa kumwuliza. Na wale sita aliokuwa akiwamulikia walirudi kwenye nini? Kwenye mishumaa. Tena nasikia patroni aliiona akapita.

Wapo wanaocheka tu. Kwa nini kuhangaika na taka, kitu chenyewe kinauzwa dukani? Kwenye gulio la Benaco pawabanki zinapatikana za kila rangi. Nilinunua moja, imeandikwa ubavuni miliampea-saa 20,000, nikaipeleka kwa kijana. Haikumaliza hata kuijaza simu yangu ya kitochi mara mbili. Tukaifungua. Ndani mlikuwa na betri moja ndogo na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili kitu kiwe kizito mkononi. Mtu asiyejua kufungua hununua chuma kwa bei ya umeme, naye hushukuru. Tumekuwa taifa la wanunuzi wanaoshukuru. Redio ikifa tunatupa, simu ikifa tunatupa, na yule anayefungua tunamwita fundi wa vichochoroni, kwa sauti ile ile tunayomwitia mlevi.

Naomba sasa nirudi nyuma, maana nimeahidi kuwa sehemu ya ugomvi huu ni juu yangu.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu mpya. Vijana wa leo hawajui mwaka ule ulivyokuwa. Sabuni haikuonekana, chumvi ilikuwa kwa mgawo, na Serikali ilikuwa katika vita dhidi ya wahujumu uchumi. Betri zilitengenezwa Dar es Salaam, lakini mpaka zifike huku pembeni mwa Burundi na Rwanda zilikuwa lulu. Redio ya shule, tuliyosikilizia vipindi vya shule kutoka Redio Tanzania, ilikula mawe makubwa manne. Mawe hayo niliyafungia sandukuni pamoja na daftari la mahudhurio.

Asubuhi moja kiranja akaniletea mvulana wa darasa la sita aliyekutwa nyuma ya jiko na mwanzi uliopasuliwa katikati. Ndani ya mwanzi alikuwa amepanga mawe saba, kichwa kwa mkia, akayabana kwa kamba ya mgomba, na mwishoni amefunga glopu ya tochi. Ilikuwa inawaka. Mimi sikuiona ile glopu. Niliona mawe saba, katika mwaka ambao mimi mwalimu mkuu nilikuwa na manne. Nikasema huyu ni mwizi. Sikuhesabu hata yale ya sandukuni. Nikamchapa viboko vinne mbele ya mstari, nikauvunja mwanzi kwa goti langu.

Jioni nikafungua sanduku. Mawe yangu yalikuwa manne, kamili.

Aliyokuwa nayo mtoto yule yalikuwa maiti. Aliyaokota kwenye majalala ya watu, akayaanika juani siku kadhaa kama mihogo, jinsi wazee wetu wote walivyofanya na mawe ya redio, na kwa kuwa kila moja lilibakiwa na nguvu kidogo tu, alikusanya udhaifu wa saba ukafanya kazi ya mazima mawili. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha darasa lile lile kuunganisha betri kwa mfuatano. Nilifundisha kwa chaki. Nilichora mistari miwili, mrefu na mfupi, nikaandika alama ya kujumlisha na ya kutoa, wakanakili, nikasahihisha, nikaweka vema. Watoto 46 walipata vema na mmoja akaelewa, na huyo ndiye niliyemchapa.

Sikumwomba radhi. Mwalimu mkuu wa mwaka 1983 hakuwa na njia ya kumwomba radhi mtoto wa darasa la sita. Au njia ilikuwapo nami sikuipita.

Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo katika muda wa kama siku moja, wakikimbia Rwanda, na pale Benaco pakazuka mji wa maturubai. Baada ya miezi kadhaa nilipita sokoni kambini kutafuta mtu wa kunitengenezea redio. Wakati ule redio ilikuwa jambo la kufa na kupona, watu wanatafuta habari za ndugu zao. Nikaonyeshwa kibanda. Fundi alikuwa mwenyeji, si mkimbizi. Aliinua uso, akanitambua kabla sijamtambua. "Shikamoo Mwalimu Mkuu," akasema. Alifungua redio yangu, akagusa hapa na pale kwa msumari wake wa moto, ikasema. Nikatumaini atasema bure. Alinitoza bei kamili, akanirudishia chenji mkononi kwa mikono miwili. Nilistahili.

Nimelisimulia hili ili nisionekane nawanyooshea kidole wale walimu watano kana kwamba mimi nilitoka mbinguni. Walifanya nilichofanya miaka 39 kabla yao. Na ndilo linalonikera zaidi! Kati ya kisa changu na chao nchi imebadilisha sera mara ngapi? Elimu ya Kujitegemea aliitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Nilikuwa mwanafunzi, nikaipokea kwa moyo wote, na baadaye chuoni tukafundishwa kwamba shule itafundisha akili na mikono pamoja. Kilichotokea tunakijua sisi tuliokuwapo. Mikono ilipewa jembe, ikaishia hapo. Tulilima mahindi ya shule, tukabeba maji ya mwalimu, tukaita kujitegemea. Sisemi kilimo ni kibaya. Nimekula matunda yake. Lakini jembe halikumfundisha mtoto jambo lolote ambalo mama yake hakuwa amekwisha mfundisha, na kitu pekee ambacho kingekuwa kigeni kwake, yaani kufungua mashine na kuiuliza maswali, kilibaki kosa la nidhamu.

Baadaye ikaja michango ya maabara. Kila sekondari ya kata iwe na vyumba vitatu, Fizikia, Kemia na Biolojia. Tarehe ya mwisho ikawekwa mwaka 2014, ikasogezwa 2015. Wananchi wa huku walitoa fedha, mawe, mchanga na kuku. Mimi nilitoa. Vyumba vingine vimepata vifaa, namshukuru Mungu. Vingine nimeviona kwa macho yangu vinatunza madawati mabovu. Mwaka 2012, kabla hata matofali hayajakauka, mtihani wa darasa la saba ulikuwa umegeuzwa wote kuwa wa kuchagua jibu, mtoto anasiliba herufi kwa penseli na mashine inasahihisha. Kusiliba ndiyo kazi ya mkono tuliyoibakiza.

Na sasa tuna sera nyingine, ile ya mwaka 2014 katika toleo lake la 2023, ambayo imeleta mkondo wa amali katika sekondari kuanzia Januari 2024. Nimeisoma. Ni nzuri. Lakini mtaala hauna macho, una macho ya mwalimu. Kama patroni, mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa Fizikia wanatazama sakiti iliyotengenezwa na mtoto wanaona chaja, basi amali itakuwa jembe jingine lenye jina jipya. Watanunua vifaa, watavifungia, na watakaovigusa bila ruhusa watasimamishwa.

Volta, aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800, alipanga sahani za zinki na za fedha, katikati akaweka vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Takataka tupu, kwa macho ya mpekuzi wa bweni. Faraday alikuwa kijana wa kazi kwa fundi wa kujalidi vitabu, akijifunza umeme katika vitabu vya wateja. Lakini kwa nini niende Ulaya? Kasungu, Malawi, William Kamkwamba alifukuzwa na ukosefu wa ada, akasoma kitabu cha maktaba, na mwaka 2002 akajenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli, majirani wakaja kuchaji simu. Mwaka 2009 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Jeremiah Murimi na Pascal Katana, walitengeneza kwa vipuri vya mabaki chaja ya simu inayoendeshwa na dainamo ya baiskeli. Dunia iliwapigia makofi. Nasi tulipiga makofi, kwa kuwa hawakuwa bwenini kwetu.

Msomaji wa Ngara ataniambia kwamba siku hizi hatuna shida ya umeme. Maporomoko ya Rusumo yanatoa megawati 80, tunagawana na Rwanda na Burundi, nguzo zinapita juu ya migomba yetu. Kweli, nami nina umeme nyumbani, ingawa vitongoji vingi bado vinaziona nyaya kwa mbali tu. Lakini sikuandika haya kwa sababu ya giza. Nguzo ikisimama tena, maisha yanarudi, simu zinajaa. Anayebaki gizani ni yule mwalimu aliyeshika kisanduku mkononi asiulize kilivyofanya kazi.

Kijana alirudi shuleni, akafanya mtihani wa taifa Novemba 2022, akapata D ya Fizikia. Nimemwona akimweleza fundi wa pikipiki mwenye umri wa baba yake kwa nini volti zinashuka mota ya kuwashia ikizunguka. Ana D. Siku hizi yuko Benaco, anafungua simu za madereva.

Niliandika barua shuleni mara mbili. Niliomba mambo madogo: ile barua ya kusimamishwa iondolewe kwenye jalada lake, na kisanduku kirudishwe, kama si kwake basi kiwekwe maabara pamoja na jina lake. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili niliipeleka mwenyewe kwa basi. Mkuu wa shule alinipokea kwa heshima zote, akaniagizia soda, akaniita mzee wetu. Alinieleza kwamba jalada la mwanafunzi aliyemaliza haliguswi. Kuhusu kisanduku, mwalimu wa nidhamu wa wakati ule alikwisha hamishwa. Kabati likafunguliwa mbele yangu, mlikuwa na mikanda, redio moja, visu vya mezani na waya za simu zilizofungwa pamoja kama kuni. Kisanduku hakikuwamo. Nikauliza kama kilichomwa. Akasema kwa kweli hajui.

Nilipofika nyumbani nilimwita kijana nikamweleza yote. Hakuuliza habari za jalada. Aliuliza kama ile chaja ya gari nayo haikuonekana, maana dereva wa Lusahunga alimpa kwa kuazima, na bado humwulizia kila anapopita.